Hivyo Vitabu Usivipime Kilo

Buruburu, Nairobi

Mama Mghoi mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Voi. Sisi tu wazima. Baba Mwende goti limepona, ila ikifika zamu yake ya kubeba maji ghorofani linaanza kuuma upya. Haya, salamu zimetosha. Mutiso alipita hapa Jumapili akaniambia eti unasafisha stoo, na yale makatoni ya vitabu vya shule umeshapatana na muuza njugu aje ayapime kilo, akafungie njugu zake. Mama Mghoi! Mzuie huyo mtu hadi umalize kusoma barua hii. Mwambie mali imepata mwenyewe.

Unajua Mwende na Kyalo wanasomea nyumbani tangu Januari. Sababu unazijua, na mama mkwe ameshazitangaza ukoo mzima, kwa hiyo sizirudii. Mwalimu ni mimi, na mwalimu hana pesa. Kitabu kipya cha kiada ukikipata kwa shilingi 500 umebahatika, na Mwende yuko Gredi ya Nne, kila somo na kitabu chake. Mtaala wenyewe haunisumbui. KICD, wale wa serikali wanaotunga mitaala, wameweka kwenye tovuti yao, bure, kila somo na kila gredi, mada kwa mada. Nilitaka kuchapisha yote pale saiba, nikasikia shilingi 10 kwa ukurasa, nikarudi kusomea kwenye simu. Na ukishajua mtoto anatakiwa aweze nini, kitabu cha kumfikisha hapo kinaweza kuwa chochote, hata cha 8-4-4, ule mfumo wa zamani, kilichochapwa wakati mimi na wewe tunagombania dawati.

Ndiyo maana nayalilia makatoni yako. Vya hesabu nataka vyote. Vile vya zamani havina rangi wala mapambo, lakini zoezi moja lina maswali 30, na la mwisho linakutoa jasho. Hivi vipya vinaweka picha ya mtoto anayetabasamu, maswali matano, halafu "jadili na wenzako". Wenzake gani, Kyalo? Kyalo akijadili huwa anauma. Sarufi vilevile: ngeli ni zile zile, A-WA haijaenda popote. Na kamusi, hata iwe imepoteza jalada, niwekee.

Vya historia na jiografia ndivyo vya kuchambua. Chenye mikoa minane badala ya kaunti 47, mpe wa njugu. Atlasi usimpe, hata kama Sudan bado ni moja na Eswatini inaitwa Swaziland. Milima na mito iko palepale, na nimeshaamua Mwende atachora mpaka wa Sudan Kusini mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuandika 2011 kando. Nadhani hilo atalikumbuka kuliko akiukuta umechorwa. Sayansi, ukiona sayari tisa usishtuke, Pluto tutaikata wenyewe. Ila kurasa za Ukimwi zilizoandikwa kabla ya dawa za kupunguza makali kufika, zile za kumwambia mtoto kwamba mgonjwa ni wa kungoja kaburi tu, hizo zinyofoe kabisa. Unajua ni kwa nini nasema hivyo.

Usiniambie ninunue mjini. Nimezunguka kwa wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, na wana vitu vizuri, hadithi za watoto hata kwa shilingi 50. Vya shule ndivyo shida. Vingi ni vya kudurufu: wino wa kijivu, gundi inaachia ukikifungua mara ya pili. Nilishika kimoja cha hesabu, mada ya sehemu, nikashindwa kujua kama ni 3/8 au 3/6, na muuzaji ananihakikishia eti kila kitu kiko sawa, mama. Vingine vina maandishi ya serikali kwamba haviuzwi, na hivyo sigusi, maana kuna mtoto wa shule ya umma aliyekosa chake. Kwa hiyo hata kwenye makatoni yako, chenye muhuri wa shule kirudishe shuleni, tafadhali. Sitaki elimu ya wanangu ianzie kituo cha polisi.

Hadithi tunazo za kutosha kwa sasa. Jumamosi tunashuka maktaba ya Makadara, na za Kyalo nazitoa African Storybook, ile tovuti ya hadithi za watoto, za Kiswahili zimejaa na hawatozi kitu. Kwa hiyo zako za hadithi mpe Mghoi.

Unapochagua, pekua mazoezi kabla ya kufunga. Majibu ya penseli nitafuta. Ya kalamu ya wino hayana dawa, Mwende atanakili tu na kuniambia amefikiria. Angalia pia katikati, pale kwenye pini, ndipo kurasa zinapochomoka. Ukimaliza, funga kwa kamba na upakie kwenye basi la usiku, nitalipia huku.

Sasa nijibu. Muuza njugu alikuwa akupe ngapi? Nitaongeza juu yake, usione haya. Kitabu cha mwalimu chenye majibu bado unacho, au ulimwachia Auma? Na hili linaninyima usingizi: Mwende akifika Gredi ya Sita kuna KPSEA, ile tathmini ya kitaifa, nani atamsajili, na zile tathmini za shuleni kabla yake atazifanyia wapi? Unamjua mwalimu mkuu yeyote huku asiyekuwa na maneno mengi? Wifi yangu naye kila tukikutana ananisomea Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, eti mtoto lazima awe darasani. Wewe uliyekaa na maafisa wa elimu miaka yote hiyo, wanalichukuliaje? Na kugawanya kwa njia ndefu, ulikuwa unaanzia wapi na mtoto anayelia?

Nijibu upesi, hata kwa simu.

Wako,
Mama Mwende