Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: "1x3" haitoshi kwa dawa za maumivu makali

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: MAELEKEZO KWA WAGONJWA WANAOPEWA TRAMADO, KODEINI NA MOFINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa dirishani, pale mgonjwa anapotoa cheti cha daktari na kuondoka na kibahasha cha dawa. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si siri: mtu anapewa dawa inayoshika ubongo kwa njia ileile ya heroini, na maelekezo yote anayoondoka nayo ni "1x3", yaani kimoja mara tatu kwa siku, iliyochorwa kwa kalamu juu ya bahasha.

Kwa amoksilini tunaweza kuvumiliana. Kwa tramado, hapana. Hiyo 1x3 haisemi ni kwa siku ngapi. Haimwonyi kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda kwamba asirudi barabarani akiwa amemeza vidonge hivyo, wala kwamba akipitia baa jioni na kunywa bia juu yake, anaweza kulala pumzi zikapungua hadi zikakoma. Haimuulizi mama kama ana kifafa, ilhali tramado inaweza kumwangusha hata mtu ambaye hajawahi kuanguka, hasa akizidisha, au akiichanganya na dawa kama amitriptilini, ambayo wagonjwa wengi tunawapa kwa ganzi na miguu kuwaka moto.

Kinachofuata kila aliyekaa dirishani anakijua. Vidonge vinaisha, mguu bado unauma kidogo, kijana anakwenda duka la dawa la jirani na kibahasha kitupu: "Nipe kama hizi." Anauziwa, ingawa ni dawa ya cheti. Baada ya wiki kadhaa hazimshiki kama mwanzo, anaongeza. Siku akizikosa, usingizi hauji, jasho linamtoka, kamasi zinachuruzika, tumbo linaendesha, miguu haitulii kitandani. Anameza kimoja na baada ya muda mfupi yuko sawa. Anaamini mguu haujapona. Mguu ulishapona zamani. Vijana wa maskani wana jina la hali hiyo, arosto, lakini yeye hajawahi kugusa unga na hajioni kuwa teja, kwa hiyo jina hilo halimjii kichwani.

Nisieleweke vibaya. Siombi dawa hizi zifungiwe. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya 1977, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, huohuo unaozibana dawa za kulevya duniani, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kuondoa maumivu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyotoa ripoti yake 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa, sisi tukiwamo wakati huo, ziliambulia tani 0.1. Mgonjwa wa saratani wa kwetu hafi kwa mofini nyingi. Anakufa akiwa amenyimwa mofini, au akiwa nayo chini ya kitanda na ndugu wanaogopa kumpa.

Hilo la ndugu naomba nilikalie kidogo. Chupa ya mofini ya maji inafika nyumbani, na pamoja nayo inafika hofu. Shangazi anasema hiyo ni dawa ya kufia. Kaka mkubwa anasema mama atakuwa teja. Wanakubaliana wampe pale tu atakapozidiwa. Sasa maumivu ya saratani hayaji na kuondoka kama ya jino. Yapo muda wote, na mofini ya maji hukaa mwilini takriban saa nne tu. Ndiyo maana hutolewa kwa kufuata saa, mgonjwa akilalamika asilalamike. Ukingoja hadi alie, dawa inayakuta maumivu yameshapanda, na dozi ambayo ingetosha haitoshi tena. Kisha choo kinakuwa kigumu kwa siku nzima, kwa sababu hakuna aliyewapa dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, na mgonjwa mwenyewe anaikataa chupa. Maneno machache ya muuguzi yangezuia yote haya.

Na hatari ya kweli ya chupa ile hawaambiwi. Mofini ya maji hutengenezwa kwa viwango tofauti. Ipo ya miligramu 5 katika mililita 5, ipo ya miligramu 50 katika mililita hizohizo. Mara kumi, na kwa macho ni maji na maji. Uganda hutia rangi, ile hafifu ikiwa ya kijani, ili hata asiyejua kusoma aone tofauti. Kama mgonjwa amebadilishiwa chupa na kijiko kimebaki kilekile, hapo ndipo panapotisha.

Najua hoja itakayokuja mezani kwako: tukilegeza tutakuwa kama Marekani. Marekani ni ya kujifunza kwelikweli, ila tujifunze lililotokea. Januari 1980 jarida kubwa la madaktari wa huko lilichapisha barua fupi ya sentensi tano. Waandishi wake walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi wakiwa wodini, walipata wanne tu ambao uraibu wao ulithibitika vya kutosha, miongoni mwa wale wasiokuwa na historia hiyo. Walikuwa wodini, chini ya uangalizi. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayebeba chupa ya vidonge nyumbani kwa miezi. Lakini ilinukuliwa kwa miongo kana kwamba ni utafiti mkubwa. Waliohesabu 2017 walikuta imetajwa mara 608, mara nyingi kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ikaingiza sokoni OxyContin, vidonge vya oksikodoni, dawa ya jamii ya mofini, ikatuma mawakala wake kwa madaktari wa kawaida, na kuinadi kwa maumivu ya mgongo na magoti. Mwaka 2007 kampuni yake dada, Purdue Frederick, ilikiri kosa mahakamani kwa kupotosha kuhusu hatari ya uraibu, na 2020 Purdue Pharma yenyewe ikakiri makosa mengine. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu zaidi ya 100,000 kwa kuzidisha dawa na mihadarati, wengi wao kwa fentanili ya magendo, dawa ya jamii hiyohiyo yenye nguvu kuliko mofini, ambayo ndiyo iliyowapokea waliokwisha kuzoea vidonge.

Kilichowaangusha si mofini ya mgonjwa wa saratani. Ni dawa sahihi kupelekwa kwa maumivu yasiyo yake, kwa muda usio na mwisho, na mgonjwa kuambiwa nusu ya habari. Sasa tazama tramado yetu inavyouzwa kwa maumivu ya kiuno uniambie tunafanana na nani. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2023 uliwapa watu wenye maumivu mapya ya kiuno au shingo oksikodoni, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa hawakupata nafuu kuwazidi wenzao. Mama lishe anayeinama juu ya jiko kutwa nzima anapewa tramado ya mwezi ilhali anachohitaji ni mazoezi na meza iliyoinuliwa.

Uganda imekwenda njia nyingine. Tangu Hospice Africa Uganda ianze 1993 chini ya Dkt. Anne Merriman, mofini ya maji huchanganywa kutoka poda ya mofini kwa gharama ndogo, mgonjwa hupewa bure, na mtu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, humfuata nyumbani. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa kuiandika. Hakuna wakala wa kampuni anayelipwa kwa kila chupa. Sisi nasi tuna watu wa aina hiyo, kuanzia hospitali ya Ocean Road hadi za Muheza na Selian. Ni wachache tu.

Kuna kundi moja linaloumia pande zote mbili, nalo ni wagonjwa wa selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Kijana aliyeugua tangu utotoni anafika usiku na maumivu ya mifupa, anataja kwa jina dawa inayomsaidia na kiasi chake. Kwetu ujuzi huo unamgeuza mtuhumiwa. Anaambiwa amezoea sindano, anakalishwa kwenye benchi. Wapo wagonjwa wa selimundu wanaoingia kwenye uraibu, sikatai. Hawana kinga ya pekee. Lakini dawa ya hilo ni kila mmoja kuwa na mpango wake ulioandikwa kwenye faili akiwa mzima, ukisema apewe nini, kiasi gani, kwa muda gani. Daktari wa zamu ya usiku asiachiwe kukisia kwa kutazama sura.

Ombi langu ni karatasi. Naomba Wizara itoe waraka kwamba hakuna kituo wala duka litakalotoa tramado, kodeini au mofini bila karatasi moja ya Kiswahili na mazungumzo mafupi na mgonjwa au anayemuuguza. Nimeandika rasimu, nanukuu sehemu yake:

"Dawa hii ni ya maumivu makali. Umepewa kwa siku ___. Baada ya kuvunjika au kupasuliwa, wengi huhitaji siku chache tu, kisha dawa za kawaida zinatosha. Usiongeze dozi mwenyewe, isipokushika, rudi. Usinywe pombe. Usichanganye na dawa za usingizi kama diazepamu. Usiendeshe chombo cha moto hadi ujue inavyokufanya. Usimgawie mtu, hata kama anaumwa kama wewe. Weka juu, pafungike, mtoto asifikie. Zilizobaki zirudishe dirishani. Ukiwa umeitumia kwa wiki kadhaa usiikatishe ghafla, tutakupunguzia kidogokidogo. Mwili kudai dawa uliyoacha ghafla hakumaanishi umekuwa mraibu. Ila ukijikuta unaitafuta wakati huumwi, unaificha au unainunua kwa siri, njoo utuambie, hutafukuzwa. Anayeuguza: mgonjwa akiwa haamshiki, anapumua polepole sana na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mkimbize hospitali."

Kodeini iwe na mstari wake: asipewe mtoto chini ya miaka 12, wala mama anayenyonyesha. Ini huigeuza kodeini kuwa mofini, na kuna watu ambao maini yao huigeuza kwa kasi kubwa. Kundi hilo limeonekana kuwa kubwa hasa Ethiopia, si mbali na hapa.

Mstari wa "hutafukuzwa" ndio unaonipa shaka, kwa sababu siwezi kuuahidi peke yangu. Nchi hii ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, Muhimbili 2011, na huduma ikaenea mikoani; ni kazi ya kujivunia. Lakini mwalimu au dereva aliyenaswa na vidonge vya duka hajioni kuwa wa dirisha lile, na hospitali ya wilaya mara nyingi haina aliyeelekezwa jinsi ya kumshusha dozi taratibu. Ofisi yako ikitoa mwongozo wa ukurasa mmoja wa kushusha dozi ya tramado, daktari yeyote wa wilaya ataweza. Bila huo, tutakuwa tumemwita mgonjwa aje kisha tumtazame tu.

Kwa upande wa maduka sitasema mengi, wahusika nimewapa nakala. Rejesta ya tramado ikaguliwe kama inavyokaguliwa ya mofini: iliyoingia, iliyotoka, na cheti cha kila iliyotoka. Duka linalouza makopo bila vyeti halihitaji semina.

Rasimu kamili ni ukurasa mmoja, maandishi makubwa, na nafasi ya mfamasia kujaza siku na dozi kwa mkono. Naitoa bure, irekebishwe mtakavyoona. Naomba ijaribiwe kwanza katika hospitali za rufaa za mikoa miwili, mmoja wenye huduma ya tiba shufaa na mmoja usiokuwa nayo, kabla ya bajeti ijayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfamasia, Tanga

Nakala:
Msajili, Baraza la Famasi
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba
Kamishna Jenerali, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya