Kwa mdogo wangu, aliyehesabu pesa za droo

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu huzishiki, na ujumbe wa sauti huusikilizi hadi mwisho. Hapa utasoma, hata kama ni kwa sababu shangazi atakupigia kukuuliza umesoma. Sina haja ya kukuaibisha. Aibu ilishapita, na siku ilipotokea unaijua.

Wacha nikueleze jana ilivyokuwa. Ilikuwa Jumatano tu, hakukutokea lolote, ndiyo maana nimeichagua.

Nilitoka Kiamunyi kukiwa bado na giza, na mzigo wa mboga, sukuma na managu, niliyochuma jioni iliyotangulia. Dereva wa matatu ya kwanza ananijua, aliniwekea nyuma bila kunidai ya mzigo. Nikashukia soko la Wakulima kuchukua viazi vya hoteli. Unakumbuka Mama alivyokuwa akizamisha mkono ndani ya gunia hadi kiwiko? Mimi pia nafanya hivyo, kwa maana vikubwa hupangwa juu, halafu katikati ndiko wanakoficha vya kutupa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini bado utayakuta yamevimba na kushonewa wavu juu. Mimi nataka mzani. Nikiambiwa hakuna mzani, naenda kwa mwingine.

Aina ya viazi ya Shangi kutoka Molo inaiva haraka na wateja wanaipenda, ila haina subira. Ukiiweka wiki chache inachipua, na ikipigwa na mwanga inageuka kijani, na kile kijani hakifai kuliwa. Kwa hiyo siwezi kujaza stoo siku ambayo bei imeshuka. Nanunua kidogo kidogo, na pesa inatoka alfajiri, kabla mteja hata mmoja hajanywa chai. Hilo liweke akilini.

Msichana mmoja wa hotelini nilimtuma kwenda kupimwa. Cheti cha afya cha anayegusa chakula hudumu miezi sita tu, na watu wa kaunti wakiingia wakute kimeisha, wanafunga. Kwa hiyo chapati nilikanda mwenyewe, maandazi nikakaanga mwenyewe, na saa sita mafundi wa gereji walipojaa nilikuwa nimesimama kiasi cha kutohisi miguu. Ndengu ziliisha mapema. Matumbo yakabaki. Nani anajua kwa nini siku nyingine ni kinyume.

Saa kumi nikarudi nyumbani, nikabadilisha viatu, nikaingia shambani. Nasema shamba, wewe unaita "ile nafasi ya nyuma". Udongo wetu unaujua, ni jivu la volkano, ukimwaga maji yanapita chini kabla hujainua mkebe. Ndiyo sababu Mama alikuwa akitandaza nyasi kavu katikati ya mistari, na ndiyo sababu namwagilia jua likishalegea. Vidukari vimeingia kwenye sukuma kwa hili jua. Nimevipiga maji ya sabuni, majani yaliyokunjamana nikayatoa nikawapa kuku. Managu nikayakata vichwa ili yatoe matawi pembeni. Ukiyaacha yatoe maua mapema, umekula mara moja basi.

Tangi la maji ya mvua bado linashika. Nalitaja makusudi. Wewe na mimi tuna meno ya kahawia kwa maji ya kisima tuliyokunywa tukiwa watoto, kama wengi wa Nakuru, kwa sababu maji ya chini huku yana floraidi nyingi. Mama alipojua, alibana pesa za hoteli hadi akanunua lile tangi, na tangu hapo chai ya wateja haijawahi kupikwa kwa maji mengine. Watoto wa jirani wanakuja kuchota ya kunywa. Hiyo nayo ungeiandika wapi kwenye hesabu zako?

Sasa nije kwa ile siku.

Tulikuwa tumemzika Mama jana yake. Nilifungua hoteli kwa sababu viazi vilikuwa vimemenywa na watu walikuwa na njaa, na kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Uliingia saa saba, wakati wa msongamano, ukiwa bado na ile suti. Hukusalimia mafundi, na ni wao waliolibeba jeneza. Ulizunguka kaunta, ukavuta droo ya Mama, ukaanza kuhesabu noti mbele ya watu. Ukanyamaza, ukahesabu tena, kisha ukasema kwa sauti, "Zingine ziko wapi?"

Mikono yangu ilikuwa na unga. Yule mzee anayekaa karibu na mlango aliweka kikombe chini. Hakuna aliyetafuna. Nikasema, "Tutaongea nyumbani." Ukasema, "Hapana, wewe unakaa tu hapa unakula jasho la Mama." Msichana wa jikoni alitoka nje akalia. Mimi sikulia. Nilimpimia mteja ndengu, nikampa chenji, na mkono haukutetemeka.

Zingine, ndugu yangu, zilikuwa kwa mama wa viazi tangu alfajiri. Zilikuwa kwenye gesi na unga. Zilikuwa kwenye kitabu cha madeni, kwa sababu mafundi hula wiki nzima wakalipa Jumamosi, na utaratibu huo ni wa Mama, mimi nimeukuta. Zilikuwa kwenye chama changu cha akiba, walioninusuru na bili ya hospitali wiki ile ulisema mshahara umechelewa. Sikukuambia, kwa kuwa ulikuwa mbali na nilijua ungekosa usingizi. Jeneza ulinunua wewe, na chakula cha waombolezaji, na nilimwambia kila mtu kwamba ni wewe. Bado nasema.

Nakushauri kama dada yako: usimuulize mtu hesabu mbele ya watu anaowapa chakula. Muite pembeni. Uliza kitabu kiko wapi kabla ya kuuliza pesa ziko wapi. Na ukitaka kujua hoteli inaleta nini, usihesabu droo, hesabu na mboga ambayo sinunui, kwa sababu bila lile shamba sahani ya sukuma ingepanda bei na fundi angeenda kula kwingine. Mimi nimekaa hapo miaka yote uliyokuwa Doha. Kama ningekuwa mla jasho, ningejenga. Nyumba ninayolala bado ina bati la Baba.

Wewe ndiye uliyenibebea sanduku hadi steji nilipokwenda shule ya bweni, ukakataa nikupe pesa ya soda. Yule mtoto namkumbuka zaidi ya mwanamume aliyesimama kaunta.

Kuhusu vyumba vya kupangisha unavyotaka kujenga hapo nyuma: vile vigingi ulivyopiga kabla ya kupanda ndege nimeving'oa, vinashikilia nyanya. Ardhi bado iko kwa jina la Mama. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hakuna kati yetu anayeruhusiwa kuigusa kwa kujenga wala kuuza kabla mahakama haijatoa kibali na kukithibitisha, na mtoto wa kike ana haki sawa na wa kiume, ameolewa au hajaolewa. Usitumie binamu kuja kuniambia nihame.

Nilikwenda kwa chifu. Barua imeandikwa, warithi tumetajwa wote, na jina lako nililitamka mimi mwenyewe, yote matatu, ili lisikosewe. Kinachokwamisha ni nakala ya kitambulisho chako. Nitumie pande zote mbili, picha ionekane vizuri, kabla ya Ijumaa kama unaweza, maana wiki ijayo chifu hayupo ofisini.

Dada yako.