Salamu za shukrani kwa makanisa yote yaliyomuuguza na kumzika mama yetu

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na ndugu wa marehemu mama yetu mpendwa tunatoa shukrani za dhati kwa Baba Paroko, wachungaji, mashemasi, makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi vya maombi, wanakwaya, majirani na wote mliokuwa nasi tangu saratani ilipomlaza kitandani hadi siku ya maziko. Hatuwezi kumfikia kila mmoja mlangoni kwake, mtusamehe.

Mama alikuwa Mkatoliki. Baba ni Mlutheri, na sisi watoto wengine ni Waanglikana, wengine Wapentekoste. Msiba wa nyumba ya namna hii hugeuka upesi kuwa uwanja wa kuvutana. Wetu haukugeuka, na haikutokea hivyo kwa bahati. Ndiyo maana tunataja kazi zenu moja moja, ili na familia nyingine zenye mchanganyiko kama wetu ziokote la kuwafaa.

Asante ya kwanza iende kwa mliokubali kuwa na daftari moja na mratibu mmoja. Makanisa manne yakipanga kila moja kivyake, yote huja Jumapili alasiri, mgonjwa akaishiwa pumzi kwa kuitikia salamu, kisha Jumanne usiku hakuna wa kumgeuza. Daftari la kando ya kitanda lilikuwa na saa ya dawa, saa ya kugeuzwa, alichokunywa, choo, kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 10, na jina la aliye zamu. Wageni waliingia wasiozidi 3 kwa wakati mmoja, dakika 15, zaburi moja na sala moja fupi. Wako waliotoka mbali wakaambiwa leo mama amechoka, wakaomba wakiwa barazani na kurudi bila kununa. Hao tunawashukuru kwa namna ya pekee.

Asanteni wauguzi wa zamu, wa kusomea na wa kujitolea. Mlimgeuza kila baada ya saa 2, mto kati ya magoti, visigino vimeinuliwa visiguse godoro, shuka limenyooshwa lisibaki na mkunjo. Mlimsogeza watu wawili kwa kuliinua shuka, si kwa kumburuta, kwa sababu ngozi ya mtu aliyedhoofika huchubuka kwa msuguano na kidonda kikishaanza ni vigumu kupona. Alipokuwa hamezi tena, mlimlowesha midomo kwa kitambaa laini chenye maji badala ya kummiminia maji kwa kijiko. Upendo mwingi usiojua hilo humpalia mgonjwa, na maji yakaishia mapafuni.

Kwenye dawa ndiko tulikoogopa kugongana. Morfini ya maji hutolewa kwa saa, kila baada ya saa 4, maumivu yakiwepo au yakiwa yametulia, kwani kusubiri hadi mgonjwa alie ni kuanza kuyakimbiza upya. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo. Wapo waliodhani ni dawa ya kumaliza mtu, na wapo waliosema atakayeomba kwa imani aache vidonge. Padre na mchungaji wa Kipentekoste waliketi pamoja mbele ya familia nzima wakasema neno lilelile: dozi isirukwe, na maombi yaendelee. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuuliza tena kama tumepungukiwa imani. Baba Paroko, Mchungaji, Mungu awabariki kwa kusimama pamoja pale.

Sisi tulio karibu na mgonjwa tunajua maneno yanavyochoma. "Kuna dhambi haijatubiwa." "Ungeamini kweli ungeshapona." Aliye kitandani huyasikia hata kama amefumba macho. Rafiki za Ayubu walifanya vema walipoketi naye chini siku 7 bila kusema neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipoanza kumtafutia sababu, na mwishoni Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa (42:7). Paulo naye aliomba mara 3 mwiba wake uondolewe, na jibu likawa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Hakuna anayethubutu kusema Paulo alikuwa na imani haba.

Kwa hiyo tunawashukuru mliomsomea mama Zaburi ya 88. Wengi huiruka kwa kuwa inaishia gizani, haina mstari wa kufariji mwishoni. Lakini inaanza kwa "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu", na anayelia vile bado anazungumza na Mungu, hajampa kisogo. Kumtumaini Mungu katika maumivu mara nyingi huwa ni hivyo tu: kuendelea kumwambia ukweli, kila siku, bila kuwa na jibu mkononi. Hatujui kwa nini mama aliteseka vile. Tunajua hakuachwa, na Mungu hakumsahau, kwa sababu mikono aliyoituma tuliiona.

Mpako wa Wagonjwa ulitolewa mapema, mama akiwa bado anaitikia sala mwenyewe. Tunawasihi Wakatoliki wenzake msingojee pumzi ya mwisho. Sakramenti hii ni ya mgonjwa aliyeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, siyo ya dakika ya kukata roho, na hali ikizidi kuwa mbaya inaweza kurudiwa. Wazee wa Kipentekoste, ambao nao huisoma Yakobo 5:14 na kuitenda kwa namna yao, walisimama kimya padre alipompaka mafuta, kisha wakaalikwa kuomba. Hakuna aliyemfundisha mwenzake teolojia pale kitandani.

Mwaka 1952, mkutano wa Imani na Utaratibu, harakati ya makanisa ya kutafuta umoja, uliofanyika Lund nchini Swideni uliyauliza makanisa kama hayapaswi kutenda pamoja katika yote, isipokuwa yale ambayo tofauti kubwa za imani zinayalazimu kutenda kila moja kivyake. Kamati yenu ya maziko ilifuata njia hiyo tangu kikao cha kwanza: yapi tunayafanya pamoja, yapi dhamiri inatukataza. Mkesha wa maombolezo ukawa wa wote, na Misa ikabaki Misa. Mahubiri ndani ya Misa ni ya padre au shemasi, kwa hiyo mchungaji wa baba alipewa mahubiri ya mkesha, dakika 15, nayo yakawa mahubiri pekee ya usiku ule. Mahubiri matatu katika ibada moja huzaa mashindano hata kama hakuna aliyeyakusudia. Kila kwaya iliimba nyimbo 2, na wasifu wa marehemu ukasomwa na mtu mmoja kutoka kwenye karatasi moja.

Vitu vidogo ndivyo hukwamisha. Katika Baba Yetu, upande mmoja husema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", upande mwingine "ufalme wako uje, mapenzi yako". Mwishoni Wakatoliki hunyamaza baada ya "maovuni" wakati wengine wanaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", na ibada inayumba pale pale. Mlichapa karatasi yenye sala nzima, mkaisoma polepole pamoja. Mlikumbuka pia kwamba Zaburi ya 130 katika Biblia nyingi huandikwa 129 katika baadhi ya vitabu vya liturujia, mkaweka namba zote mbili. Kuhusu kumwombea marehemu, sala hizo zilibaki katika Misa. Mkesha ulimshukuru Mungu kwa maisha yake, ukamkabidhi kwa huruma yake na kuwaombea waliobaki.

Ekaristi, yaani Komunyo, hatukuishiriki wote, na hilo lilitangazwa kwa upole kabla ya Misa ili asiwepo wa kurudishwa njiani mbele za watu. Baba alibaki kwenye kiti chake wakati mwili wa mkewe ukiwa hatua chache mbele yake. Iliuma, na hatuoni sababu ya kuficha kwamba iliuma. Umoja wa Wakristo bado una kidonda, na tunamwomba Bwana aliyesali "wote wawe na umoja" akiponye. Hata hivyo tumetoka mbali. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimkataza Mkatoliki kushiriki kwa vitendo, kwa namna yoyote, ibada za makanisa mengine, hata mazishini akiruhusiwa kuwepo tu kwa sababu nzito. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatoa hati juu ya umoja, ikihimiza sala ya pamoja. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri wakatia saini huko Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu. Bila hatua hizo, mkesha wetu usingewezekana.

Rambirambi zilihesabiwa na watu 3 kutoka makanisa 3, mezani, kwa wakati mmoja, kila kiasi kikaandikwa na kutiwa saini kabla ya fedha kuondoka pale. Tumepokea taarifa yote pamoja na stakabadhi. Kilichobaki baada ya madeni, familia imeamua kibaki mikononi mwa kamati ileile kwa ajili ya wagonjwa wengine wa muda mrefu. Godoro la hewa na kiti cha magurudumu navyo viko kwa mratibu, vimeshasafishwa. Nyumba yoyote inayovihitaji ivichukue, haitaulizwa inasali wapi. Nakala ya ukurasa wa daftari la zamu, bila taarifa za mama, ipo kwake pia.

Misa ya shukrani itatangazwa parokiani, na ibada ya shukrani katika usharika wa baba. Katika Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, familia yote itashiriki sala za pamoja, na tunaomba mtupe nasi kazi ya kufanya.

Ni sisi, mume wa marehemu, watoto, wakwe na wajukuu.