Koti la Mjane: Barua kwa Mwalimu Mwenzangu wa Nakuru

Milimani, Kisumu,
6 Septemba 2025.

Dada yangu mpendwa,

Salamu za kutoka ziwani. Mswada wa tamthilia yako ulinifikia siku ya Jumatatu, nikausoma usiku huohuo na kuurudia mara mbili kabla ya kuthubutu kukujibu. Unaniuliza juu ya onyesho la tatu, pale mjane anaposimama mbele ya wazee wa ukoo akiwa amevaa koti la marehemu mumewe. Wakuu wa shule wanaona si adabu msichana wa kidato cha tatu aigize mambo ya kurithiwa na kutakaswa, nawe umeanza kukubali kwamba mjane alie nyuma ya pazia huku msimulizi akiieleza hadhira yaliyompata. Mimi nasema onyesho libaki, ila liandikwe upya, na sababu zangu haziwezi kuenea katika simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Chanzo cha shida yako, na yangu pia, ni lile swali tulilolibeba tangu chuoni: jadili nafasi ya mwanamke katika tamthilia. Mwaka baada ya mwaka nimewapa wanafunzi wangu swali hilo, na mwaka baada ya mwaka wamenirudishia jibu walilolijua kabla hawajafungua kitabu, kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu, chombo cha starehe, mateka wa mila, kisha mwishoni hoja moja ya kufidia kwamba pia ni mwanamapinduzi. Nimewapa alama zao zote. Ni muhula uliopita tu, nilipokuwa nikifundisha mnyambuliko wa vitenzi asubuhi na fasihi baada ya chakula cha mchana, nilipogundua kwamba mwanamke wa majibu hayo huishi katika kauli ya kutendwa peke yake: huozwa, hupigwa, hunyolewa, hurithiwa. Lugha yenyewe imetutengenezea njia hiyo, kwa maana mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na anayesema kwamba mwanamke fulani ameoa husema hivyo kwa nia ya kumdhalilisha mume. Nimefundisha miaka kumi na minane bila kuwauliza watoto wa watu kama mwanamke huyo ana kitenzi chake mwenyewe.

Chukua Oganda, binti wa chifu katika hadithi ambayo Grace Ogot aliitia katika mkusanyiko wake wa 1968. Tumezoea kuifundisha kama hadithi ya kafara: mvua imekatika, mganga amepokea ujumbe wa wahenga, na msichana lazima atolewe kwa zimwi la ziwani. Mwandishi huyo alikuwa muuguzi na mkunga kabla ya kuwa mwandishi, na baadaye akawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi, na mimi nasadiki kwamba mikono iliyopokea watoto ndiyo iliyomzuia asiuandike mwili wa msichana kama alama tupu. Oganda anatembea. Ana kiu, anaogopa, mchanga wa ufukweni unachoma. Nyuma yake kijiji kizima kimecheza na kuimba usiku kucha, kwa sababu aliyechaguliwa si binti yao. Kisha Osinda, kijana anayempenda, anamwahi njiani na kumwokoa, wanakimbia pamoja, na mvua inanyesha. Hilo la mwisho ndilo tunalolipita haraka darasani: mvua ilinyesha ingawa mwili haukutolewa. Basi ni nani hasa aliyeuhitaji mwili ule, ikiwa mawingu hayakuuhitaji?

Nitakupa jozi moja ya vitenzi ambayo imenisumbua zaidi ya nyingine zote, nayo ni kuvua na kuvuliwa. Mwishoni mwa Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi walipowavamia kwa virungu na vitoa machozi, baadhi ya mama hao walivua nguo zao mbele ya vijana waliowapiga. Wewe na mimi tumelelewa katika jamii ambamo uchi wa mama ni laana kwa mwana anayeuona kwa kosa lake, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa kitendo kile kilisema nini. Walihamia katika Kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na wengi wa wana wao waliachiliwa mapema 1993. Sasa iweke siku hiyo kando ya Novemba 2014, wakati wanawake walipoandamana jijini humohumo kwa sababu mwenzao alikuwa amevuliwa nguo hadharani na wanaume katika kituo cha matatu, kwa madai kwamba alivaa vibaya. Ngozi ni ileile na barabara ni za mji uleule. Katika kisa cha kwanza mwili uliwahukumu wenye virungu, na katika cha pili umati ulijipa haki ya kuuhukumu mwili. Mwanafunzi anayeandika kwamba visa vyote viwili vinaonyesha mateso ya mwanamke hajaona chochote, na kosa ni letu tuliomfundisha.

Wala usidhani kwamba nazungumza juu ya wanawake tu, kwa maana wewe unaishi Nakuru na unajua yaliyotendeka huko na Naivasha katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, pale wanaume Waluo walipokamatwa na kutahiriwa kwa nguvu na watu waliotaka kuwaambia kwamba asiyetahiriwa hawezi kutawala. Kijana wa Kibukusu anaposimama wima mbele ya ngariba, mwezi wa Agosti, bila kupepesa jicho, huwa ameutoa mwili wake mwenyewe mbele ya watu wake. Waliokamatwa Naivasha walinyang'anywa. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika uamuzi wao wa Januari 2012, walikataa kuuhesabu ukatili huo kuwa wa kingono na wakauweka katika kundi la vitendo vingine visivyo vya kibinadamu. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Naamini kwamba lau waliofanyiwa wangekuwa wanawake, jina la kosa lisingetafutwa kwa mbali namna ile, na kwamba aibu yetu ya kuuzungumzia mwili wa mwanamume imeacha wengi wao bila hata neno la kusimulia yaliyowapata.

Sasa nije kwenye koti, maana wewe hukulelewa huku na umeniomba maelezo. Mjane wa Kiluo wa zamani alivaa vazi la marehemu mumewe kipindi chote cha chola, yaani muda wa kukaa katika kifo, na baada ya mazishi kulikuwa na liedo, unyoaji wa nywele wa wafiwa, kisha tero, kurithiwa na mwanamume wa ukoo. Katika mswada wako vitu hivi vitatu vimekuwa kimoja, na vyote vinatisha. Nyanya yangu alivaa koti la babu. Nilikuwa mdogo, na ninachokumbuka si huzuni bali mfuko wa kushoto, ambamo alitia njugu za kutugawia wajukuu. Alilivaa kwenda sokoni, alilivaa shambani, na wazee walipomjia na jina la mtu wa kumrithi aliwapikia, akawasikiliza hadi mwisho, akasema kwamba koti lile lingali na joto. Wakaondoka. Hawakurudi na jina lingine. Sikusikia mtu yeyote akimwita mwanamapinduzi, na angekasirika kuitwa hivyo, kwa sababu alikuwa mtu wa mila kuliko wote waliomjia.

Hata ushindi si sharti. Mwaka 1987 nilikuwa darasa la pili, na redio ya baba haikuzimwa wakati wa kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, aliyekuwa amepigania uhuru katika harakati za Mau Mau, alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wa mumewe, Umira Kager wa Waluo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa zaidi ya miezi mitano huku wanasheria wakibishana kama mtu ni mali ya ukoo wake au ya nyumba yake. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, naye alizikwa Nyalgunga Mei 23. Watu wetu walishangilia, na nilishangilia pamoja nao bila kujua ninashangilia nini. Leo ninapomfikiria mwanamke yule akisimama kizimbani kuulizwa maswali juu ya ndoa yake mbele ya nchi nzima, naona alishindwa huku kila kitenzi kikiwa chake, hata kile cha kutokwenda mazishini.

Na wasichana wa shule ya Butere, dada, wewe ulikuwa karibu nao kuliko mimi. Aprili mwaka huu walikuja mjini kwenu kwa tamasha la kitaifa la drama, baada ya Mahakama Kuu kuagiza kwamba mchezo wao usizuiwe. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa, polisi walikuwa wametumia vitoa machozi kuwatawanya watu waliokuja kutazama, na wasichana hao waliambiwa waigize katika ukumbi usio na hadhira wala mtu wa kuwaongoza. Waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nimeona michezo mingi ya shule, lakini sijaona mwili uliotumiwa jukwaani kwa ukamilifu kama huo, bila maleba, bila taa, bila neno hata moja la mswada. Hata hivyo nina wasiwasi ambao sitauficha. Mwandishi alikuwa seneta wa zamani na kiongozi wa siasa, upande wa pili ilikuwa serikali, na katikati walisimama watoto wa shule waliokaribia kuwa uwanja wa vita vya watu wazima. Kilichowaokoa wasiwe uwanja tu ni kwamba, mwishowe, walikataa wao wenyewe. Kwa hiyo swali langu kwako linatangulia swali la wakuu wa shule: je, umemuuliza msichana atakayeigiza mjane? Mwambie maana ya kila kitu, kuanzia chola hadi tero, kisha umsikilize. Akisema hawezi, mtafute mwingine bila kumwaibisha.

Akikubali, basi ondoa msimulizi. Ondoa pia kilio cha nyuma ya pazia. Kunyolewa usikuonyeshe, kwa sababu hadhira itautazama mkasi na kumsahau mtu. Wazee waseme maneno yao yote, na uyaandike kwa heshima, kama watu wanaoogopa kweli kwamba nyumba ya ndugu yao itazimika, si kama mazimwi. Mjane anyamaze hadi wamalize. Kisha alivue koti mwenyewe, alikunje polepole, aliweke mapajani mwa mzee mkuu, na hapo ndipo aanze majigambo. Huku kwetu tuna pakruok: mtu husimamisha muziki, hutoa chochote alicho nacho, na kujitaja kwa sifa zake na za watu wake. Mpe mjane pakruok yake. Baada ya hapo achukue koti lile na kulivaa tena, kwa hiari yake. Wakuu wa shule hawatapata mahali pa kusema adabu imevunjwa.

Kuhusu nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, umeandika kwamba utaazima mvulana wa shule jirani. Ni kweli kwamba tangu zamani ala hiyo imekuwa ya wanaume, naye mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma ikiwa kwenye kidole gumba cha mguu na njuga mguuni. Lakini Eriko Mukoyama wa Japani, ambaye Waluo walimwita Anyango, alijifunza nyatiti Siaya na anaipiga mbele ya dunia. Tulimruhusu mgeni kwa sababu mwili wake haukuwa katika hesabu zetu za mahari na ukoo. Ikiwa mgeni aliruhusiwa, mruhusu msichana wako mmoja. Miezi sita inatosha kumfundisha nyimbo mbili.

Koti la babu bado liko kwangu. Nitalikabidhi kwa dereva wa matatu ya Nakuru Ijumaa asubuhi, limefungwa katika gunia la sukari, na nitakupigia simu likiondoka. Nimeshona kifungo cha pili, ila mfuko wa kushoto nimeuacha ulivyo. Mikono yake itakuwa mirefu kwa msichana yeyote. Tafadhali usiikate, mwache aikunje mwenyewe, kisha uniandikie aliyokujibu.

Akupendaye daima,
Rafikiyo wa Kisumu.