Matokeo ya kidato cha nne yasomwe pamoja na orodha ya walioingia kidato cha kwanza

Mhariri,

Tangu NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iache kutangaza shule kumi bora, kuanzia matokeo ya mwaka 2022, kazi hiyo imehamia magazetini na kwenye makundi ya WhatsApp. Matokeo yakitoka tu, orodha zinapikwa: shule za vipaji maalumu, seminari, shule za ufundi na shule za kata za Mufindi, Makete na Rungwe zinapangwa foleni moja kwa GPA, yaani wastani wa pointi za watahiniwa wa shule. Mzazi wa Mafinga akiisoma anahitimisha kwamba walimu wa shule ya kata jirani yake ni wazembe. Pengine ni kweli, lakini orodha ile haina uwezo wa kumwambia hivyo.

Shule kongwe saba za vipaji maalumu ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora zote mbili, ya wavulana na ya wasichana. Hakuna hata moja iliyoko Nyanda za Juu Kusini. Huku tuna za ufundi, Ifunda na Iyunga, ambazo nazo huchukua watoto wa kuchaguliwa. Kigezo ni alama za darasa la saba: masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. A ni 241 hadi 300, B ni 181 hadi 240, C ni 121 hadi 180, na hapo kwenye C ndipo kufaulu kunapoanzia. Shule ya vipaji inapokea watoto wa A. Shule ya kata inapokea waliobaki, na waliobaki wengi wao ni C. Baada ya miaka minne tunashangaa kwamba ya kwanza ina divisheni ya kwanza nyingi!

Hata hizo A zenyewe si sawa. Mwenye 243 na mwenye 291 wote wanaandikiwa A, na tovuti inaonyesha daraja la mtahiniwa bila alama zake. Kuna pia suala la lugha. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza alifanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiingereza. Mwenzake wa shule ya serikali huko Chunya aliufanya kwa Kiswahili. Wakikaa dawati moja kidato cha kwanza, mmoja anaanza kujifunza kemia, mwingine anaanza kujifunza maneno ya kemia. Atamfikia, ila si muhula wa kwanza.

Halafu si kila aliyechaguliwa anaripoti. Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, lakini fomu ya kujiunga na bweni bado ina godoro, shuka, ndoo, sare, madaftari, na juu yake nauli ya kutoka Makete hadi Dodoma au Tabora. Familia inayotegemea vibarua vya mbao au kuchuma chai ikipiga hesabu hiyo, mtoto anabaki shule ya kata. Kwa hiyo mchujo wa alama unafuatwa na mchujo wa mfuko, na huo wa pili hauandikwi popote kwenye matokeo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Ukurasa wa shule kwenye tovuti ya NECTA una jedwali la madaraja kwa jinsi: F, M na jumla, kuanzia divisheni I hadi 0. Divisheni inatokana na masomo saba bora, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni I, 18 hadi 21 ni II, 22 hadi 25 ni III. GPA ndogo ndiyo nzuri. (Nimewahi kuona orodha iliyopangwa kinyume, na wasomaji wakaipongeza shule ya mkiani.)

Tuchukue shule ya mfano, si ya kweli: watahiniwa 160 mwaka 2024, divisheni I wakiwa 24, II 32, III 30, IV 60, na sifuri 14. Waliopata I hadi III ni 86, yaani asilimia 54 hivi. Si haba. Rudi nyuma kwenye upimaji wa kidato cha pili wa 2022, utafute kituo kilekile. Ukikuta walikuwa 200, uliza 40 wamekwenda wapi. Wale 86 ukiwagawa kwa 200, asilimia inashuka hadi 43.

Usiruke kusema wote 40 ni watoro. Walioshindwa upimaji wa kidato cha pili hurudia, kwa hiyo wengine watajitokeza mwaka unaofuata. Wengine wamehama. Na wapo wanaoshauriwa kwa upole wafanye mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea: hao namba ya kituo chao inaanza na P badala ya S, na GPA ya shule inapona. Shule inayopandisha ufaulu kwa njia hiyo haijafundisha chochote cha ziada.

Angalia hasa safu ya F, yaani ya wasichana. Katika shule za kutwa ambako wanafunzi wa mbali wanapanga mageto, yaani vyumba vya mitaani, wasichana wakiwa 90 kidato cha pili na 60 kidato cha nne, hiyo ndiyo habari, kuliko GPA. Ila kumbuka Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi darasani. Msichana aliyerudi atahesabiwa na kundi la nyuma yake. Usimhesabu kama aliyepotea.

Njia ya uhakika ni namba ya PREM, ambayo mtoto anapewa akiwa shule ya msingi na inamfuata hadi sekondari. Mwalimu wa taaluma anaweza kuitumia kuwafuata walewale walioingia, mmoja mmoja. Gazeti halihitaji majina wala namba za watoto, linahitaji jumla tu.

Ombi langu ni safu nne zaidi kwenye jedwali lenu lijalo: bweni au kutwa, wangapi waliingia na A, B na C, wangapi walifanya upimaji wa kidato cha pili, na wangapi kati yao walifika kidato cha nne, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Shule za kuchagua zipangwe zenyewe kwa zenyewe. NECTA ilikuwa ikitenganisha vituo vyenye watahiniwa chini ya 40 na vilivyo na 40 au zaidi, kwa hiyo kutenga makundi si jambo geni. Nafasi ikibana, ondoeni safu ya GPA.

Mwalimu wa taaluma,
Mafinga, Iringa