Helmeti ya jua haikuzaliwa Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie kuhusu helmeti ya jua, ile kofia ngumu yenye ukingo mpana, nyeupe au ya kaki, ambayo wachoraji wa katuni humvika kila mkoloni wanayemchora. Wapo wanaoandika kwamba ni ubunifu wa Waingereza. Kauli hiyo inanikera, kwa sababu inawapa watawala sifa isiyo yao na kuwanyima haki mafundi wa Asia.

Nchini Ufilipino wakulima walikuwa na salakot, kofia ya duara inayosukwa kwa mianzi au henzirani, na askari wa Kihispania waliovitawala visiwa hivyo wakaiiga. Wafaransa nao wakaichukua walipoingia Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia za leo. Huko Bengal, upande wa mashariki wa India ya wakati huo, malighafi ilikuwa sola, mmea unaoota kwenye vinamasi. Fundi huondoa ganda la shina, akabaki na kiini cheupe, chepesi mno, ambacho hukikata kwa kisu kikali huku akikizungusha mpaka kinakuwa utando mwembamba kama karatasi. Tando hizo hugundishwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, kisha gamba linalopatikana huvikwa kitambaa cha pamba. Mkanda wa ndani unaoshika kichwa huachwa mbali kidogo na gamba ili hewa ipenye, na juu kabisa huwekwa tundu la kutolea joto. Huo ni ufundi wa watu wanaolijua jua lao.

Waingereza walianza kuivaa India katika miaka ya 1840, na kabla ya karne hiyo kwisha ilikuwa imeenea katika majeshi yao ya Asia na Afrika. Kwa kuwa kiini cha sola hunyonya maji ya mvua na kulegea, helmeti nyingi za kijeshi zilitengenezwa kwa koki, ileile ya vizibo vya chupa. Rangi nyeupe nayo ilimfanya askari aonekane kutoka mbali, hata katika vita vya mwaka 1879 dhidi ya Wazulu wengine wakazipaka zao chai au matope.

Jambo linalosahaulika zaidi, na ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii, ni kwamba kofia hiyo ilidumu kwa nguvu ya kosa la kitabibu. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mwanga wa jua la tropiki una miali inayopenya fuvu la Mzungu na kuudhuru ubongo wake, na wengine wakaagiza hata uti wa mgongo ufunikwe kwa vitambaa vinene. Helmeti ikawa amri, watoto wakakatazwa kutoka nje bila kuivaa, na wasafiri waliokuwa wakielekea India wakawa wanainunua Port Said, bandari ya Misri walikopitia. Imani hiyo ilikuwa na faida ya kisiasa pia, kwani iligeuza tofauti ya mtawala na mtawaliwa ionekane kuwa ya kimaumbile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya askari walipigana jangwani na misituni wakiwa na kofia za kawaida tu, na bongo zao hazikudhurika. Kiharusi cha joto hutokana na mwili mzima kushindwa kupoza joto lake, wala si miali inayotoboa fuvu.

Wala historia yake haikuishia kwa wakoloni. Wapiganaji wa Vietnam waliligeuza umbo la kofia ya Wafaransa kuwa lao, wakaitengeneza kwa karatasi iliyoshindiliwa na kuivika kitambaa cha kijani, na baada ya vita raia wakaendelea kuivaa mitaani, mpaka sheria ya Desemba 2007 ilipowalazimisha waendesha pikipiki kuvaa helmeti za usalama. Nchini Kenya maofisa wa utawala waliendelea kuivaa baada ya uhuru wa 1963. Nchini Marekani wapo wasambaza barua wanaoivaa hadi leo kwa sababu moja tu, kwamba inatoa kivuli.

Sisemi haya ili kuitakasa. Mwaka 2018 Melania Trump, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, alipoivaa katika hifadhi ya wanyama jijini Nairobi, lawama zilizomwagika zilikuwa na msingi, maana katika Afrika Mashariki kofia hiyo ilivaliwa na waliokusanya kodi ya kichwa na kusimamia kazi za shuruti. Ombi langu ni dogo: gazeti linapochapisha picha za enzi hizo, maelezo chini ya picha yasiseme tu kwamba hiyo ni kofia ya Kiingereza. Yaitaje sola, yaitaje salakot, na yaeleze kwamba aliyeivaa alikuwa ameambiwa na daktari wake kwamba jua la hapa lingemuua.

Wako katika kusoma,
Msomaji wa siku nyingi