Barua kwa Rafiki Aliyechoka Kuanza Upya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote walio nyumbani kwako. Mimi ni mzima wa afya. Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara mbili kabla sijaiweka chini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sentensi moja iliyonigusa kuliko nyingine zote, pale uliposema kwamba hukuchoka kazi wala maisha, bali umechoka kuanza upya.

Uliniandikia mambo saba uliyoazimia. Uliazimia kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia nusu saa, kujifunza lugha mpya, kusoma kitabu kila usiku, kuacha kushika simu ukiwa kitandani, kumaliza kazi za ofisini kabla ya siku ya mwisho, na kuandika kumbukumbu za kila siku. Uliyashika yote kwa siku kumi na moja, ukashikwa na mafua, yote yakaanguka kwa usiku mmoja, na sasa unajiita mtu asiye na msimamo. Naomba uniruhusu nikukatalie. Mtu asiye na msimamo hashiki mambo saba kwa siku kumi na moja. Kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe, maana uliupanga siku ambayo ulikuwa umelala vya kutosha, una furaha na huna deni la kazi, ukadhani kwamba mtu yule aliyeshika kalamu siku ile ndiye atakayeamka kila alfajiri.

Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Nilichojifunza, tena kwa kuchelewa, ni kwamba hatua ipimwe kwa siku mbaya. Usijiulize unaweza kufanya nini ukiwa na nguvu zako zote. Jiulize ni kiasi gani utakifanya hata siku ile unaporudi nyumbani umechoka, umeudhika na kichwa kinauma. Kiasi hicho kitakuwa kidogo mno, kiasi kwamba utaona haya kumwambia mtu. Anzia hapo hapo.

Kwangu ilikuwa kurasa mbili. Nilikuwa nimeacha kabisa kusoma vitabu, mimi ambaye unakumbuka nilivyokuwa nikisoma hata nikiwa njiani, nikaamua kwamba kila usiku baada ya kupiga mswaki nitasoma kurasa mbili. Waya wa kuchajia simu niliuhamishia chumba kingine, na kitabu nikakiweka juu ya mto, ili nisiweze kulala bila kukigusa kwa mkono. Wiki za kwanza niliona kama ni mchezo wa watoto. Kisha ikaja ile miezi mama alipokuwa akiugua, nikawa narudi usiku wa manane, na ninaukumbuka usiku mmoja ambao nilisoma nikiwa nimesimama, koti bado liko mwilini na mkono mmoja umeshika mlango. Kurasa mbili hazikufika, ilikuwa aya moja tu. Lakini kesho yake sikuwa na kitu cha kuanza upya, kwa sababu sikuwa nimeacha. Tangu usiku ule nimekuwa nikiamini kwamba udogo wa hatua ndio unaoilinda, na wala si wa kuuvumilia tu kwa kuwa mtu hana uwezo wa zaidi.

Umeniuliza pia kama ni kweli kwamba mazoea mapya huchukua siku 21 tu kujengeka, kwa sababu ulihesabu ukaona hukufika hata huko. Idadi hiyo imeenea mno, nayo imewavunja moyo watu wengi bila sababu. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura yao mpya baada ya upasuaji, na watu wakalichukua neno hilo, wakadondosha lile “angalau”, wakaligeuza kuwa kanuni ya kila jambo. Utafiti ninaouamini zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2010 na Phillippa Lally pamoja na wenzake wa University College London. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo moja la kula, la kunywa au la mazoezi, akalifungamanisha na jambo ambalo tayari hutokea kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tendo halijafikia hali ya kufanyika lenyewe bila mtu kujisukuma, lakini watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na matokeo yaliyonifariji kuliko yote ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mafua yako hayakubomoa chochote. Kilichobomoa ni ile hukumu uliyojipa asubuhi iliyofuata.

Wazee wetu walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mimi husikia fundisho lake katika neno “papo”, yaani pale pale. Kamba haina nguvu za kushinda jiwe, ila inapita mahali pale pale kila inapovutwa. Ingepita huku leo na kule kesho, jiwe lingebaki kama lilivyo. Wewe uliivuta kamba yako juu ya mawe saba kwa pamoja, rafiki yangu, ndiyo maana hakuna hata moja lililoachwa na mfereji.

Hata hivyo sitaki nikutie tamaa ya uongo. Bila shaka umeiona ile hesabu inayosema kwamba mtu akiongezeka ubora kwa asilimia 1 kila siku, mwisho wa mwaka atakuwa bora mara 37 na zaidi. Kama hesabu ni sahihi kabisa, lakini mwanadamu si fedha iliyowekwa benki. Yapo majuma ambayo hutaona badiliko lolote, na ipo miezi utakayorudi nyuma kidogo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakiacha njia nzuri kwa kuwa tu haikuwalipa kwa kasi waliyoahidiwa.

Sasa nije kwenye kazi, maana ulisema ndiko kunakokuuma zaidi.

Unajua kwamba mimi huandaa taarifa za kila mwezi kutokana na takwimu zinazoletwa na vitengo mbalimbali. Kwa miaka miwili taarifa zangu zilikuwa zikirudishwa kwa makosa: tarakimu zimebadilishana nafasi, jumla haiafikiani na safu yake, mwezi umeandikwa siyo. Kila ziliporudi nilijiambia kwamba sina umakini, nikaahidi kuwa makini zaidi, na mwezi uliofuata zikarudi tena. Ahadi ya kuwa makini haikunisaidia hata mara moja, kwa sababu haikuwa ikiniambia nifanye nini tofauti.

Siku moja nilichukua daftari dogo, nikaanza kuandika kila kosa kwenye mstari wake: tarehe, kosa lenyewe, nani aliligundua, na nilikuwa nikifanya nini nilipolifanya. Sikujaribu kurekebisha kitu chochote kwa wiki sita za kwanza, niliandika tu. Nilipoketi kuisoma orodha ile, nilishtuka. Zaidi ya nusu ya makosa yalizaliwa mahali pamoja, katika saa ya mwisho kabla ya kukabidhi, nilipokuwa nikihamisha tarakimu kutoka kwenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono kwenda kwenye kompyuta huku nikipokea simu. Basi nikajiuliza kwa nini, na kila jibu nikaliuliza tena. Kwa nini nahamisha kwa haraka? Kwa sababu nasubiri karatasi zote zifike. Kwa nini nasubiri zote? Kwa sababu nimezoea kuzifanya kwa mkao mmoja. Kwa nini mkao mmoja? Kwa sababu aliyenitangulia alinifundisha hivyo. Hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuniagiza hivyo, wala hakuna kanuni iliyonitaka. Nikaanza kuingiza karatasi siku ile ile zinapofika, robo saa kila asubuhi kabla sijafungua barua pepe, nikisoma kila tarakimu kwa sauti ndogo na kidole kikiwa juu yake. Makosa hayakuisha, lakini yamepungua hadi mkuu wangu akaniuliza nimebadilisha nini, nami nikaona haya kumwambia kwamba ni kidole tu na robo saa.

Baadaye ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimefuata, bila kujua, njia waliyoifanyia kazi Wajapani kwa miaka mingi, ile wanayoiita kaizen, neno lenye maana ya badiliko la kuelekea kwenye wema. Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, alialikwa Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda, na kiini cha mafundisho yake kilikuwa kwamba ubora haupatikani kwa kuchambua vibovu mwishoni, bali kwa kuitazama na kuirekebisha njia nzima ya utendaji. Makosa mengi, aliamini, hutokana na mpangilio wa kazi kuliko uzembe wa mtendaji. Katika viwanda vya Toyota jambo hili lilipata umbo la kamba, kamba ya kweli iliyokuwa ikipita juu ya mstari wa kuunganishia magari, ambayo mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuivuta akiona kasoro. Kiongozi wa kundi alikuja mara moja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari ulisimama. Kuuliza “kwa nini” mara tano ni desturi ya huko huko. Linalonivutia katika habari hii ni ile heshima anayopewa anayeonyesha kosa, hata kama ni la kwake. Aliyevuta kamba hakugombezwa, kwa sababu alikuwa ametoa taarifa ambayo wote walikuwa wakiihitaji.

Je, wewe umewahi kujitendea hivyo? Kosa lako linapotokea huwa unalitazama kama taarifa, au huwa unalifunika haraka kisha unajitukana kimoyomoyo? Nakuuliza kwa upendo, kwa kuwa nimekujua kwa muda mrefu.

Jambo jingine ambalo watu husahau ni kuliandika badiliko lililofaulu, kwa sababu njia mpya isipoandikwa hurudi ilikotoka pole pole, bila mtu kuamua. Juu ya meza yangu nimebandika karatasi ya mistari mitano inayoeleza jinsi ninavyoandaa taarifa. Imeandikwa kwa penseli, na imeshafutwa na kuandikwa tena mara nyingi hadi karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Hiyo ndiyo njia bora ninayoijua leo, nami huifuata hadi nitakapopata iliyo bora kuliko hiyo.

Hapa niseme neno moja la tahadhari, wala sitalirefusha. Si kila jambo linataka hatua ndogo. Dawa aliyoandika daktari humezwa yote kama ilivyoagizwa, na anayeendesha gari akiwa amelewa hapaswi kupunguza kidogo kidogo, bali aache leo. Jambo linalohatarisha uhai hukatwa mara moja. Lakini katika yale saba uliyoniandikia sikuona hata moja la namna hiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Chukua orodha yako, ukunje karatasi ile na kuihifadhi, usiichane, kwa maana ni matamanio mema na wakati wake utafika. Chagua moja tu. Kama ni lugha, basi maneno matatu baada ya chai ya asubuhi. Kama ni kukimbia, basi vaa viatu utoke nje kwa dakika tano, na siku za mvua utembee ndani ya nyumba kwa dakika hizo hizo. Usiongeze hata kama unajisikia kuongeza, angalau kwa mwezi wa kwanza. Najua hili ndilo litakalokuwia gumu kuliko yote, maana wewe ukipenda jambo hulipenda kwa pupa. Na kazini, usibadilishe chochote kwanza. Nunua daftari.

Nitasubiri jibu lako. Niandikie umechagua lipi, utalifanya baada ya jambo gani la kila siku, na kiasi chake, nami nikiona ni kikubwa nitakuandikia ukipunguze. Siku utakayoruka uniandikie pia, na ile itakayofuata. Mimi kwa upande wangu ninaanza tendo jipya juma lijalo, nalo ni kumpigia simu mama kila Jumatano jioni kabla sijavua viatu, na nitakueleza kwa ukweli namna linavyokwenda.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye daima.